Naomba Uchafu Wangu Urudishwe

Kwa Bibi Mwenye Mashine ya Maji ya Moto,
Sehemu ya Kuoshea Magari,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.

YAH: GARI LANGU LA KUFUNDISHIA UDEREVA, LILILOTOKA KWAKO SIKU YA JUMANNE LIKIWA SAFI

Bibi mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, na mikono yako, ambayo nasikia kutwa imo kwenye mvuke, haijachubuka. Mimi si mzima sana. Nimeketi kwenye meza ya jikoni na nimemwomba mke wangu asinisemeshe mpaka nimalize kuandika, naye amekubali kwa haraka iliyonitia shaka.

Hatujawahi kuonana. Mimi ni yule mwalimu wa udereva ambaye wanafunzi wake humwita Mwalimu Breki, kwa kuwa hilo ndilo neno wanalolisikia zaidi kutoka kinywani mwangu. Kwa miaka kumi na moja nimefundisha katika gari lile lile dogo, lenye kibao juu ya paa na breki ya pili upande wangu. Limenivumilia, nami nimelivumilia.

Wiki iliyopita niling'olewa gego, nikalala siku mbili shavu limevimba kama nimeficha ndimu. Katika siku hizo mbili mke wangu alichukua funguo akakuletea gari. Anadai aliniomba ruhusa nami nikaitikia "Mmm." Bibi, mtu aliyejazwa pamba mdomoni huitikia "Mmm" kwa kila jambo. Angeniambia anaiuza nyumba ningeitikia vivyo hivyo.

Jumanne jioni nilitoka uani kupunga hewa, nikakuta gari limeegeshwa. Nikajua tumepata wageni. Nikarudi ndani, nikavaa shati la mikono mirefu, nikakaa sebuleni kuwasubiri wabishe hodi. Nilikaa muda. Mke wangu alipopita na beseni la nguo akaniuliza mbona nimependeza, nikamwambia, "Wageni wako wamekwama wapi?" Ndipo nilipoambiwa kwamba gari lile ni letu.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, nayaleta malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. RANGI. Kwa miaka kumi na moja nimeamini, na nimesema mbele ya mashahidi, kwamba viti vya gari langu ni vya kahawia. Mke wangu amekuwa akisema sivyo. Tumelibishania jambo hili kwenye foleni, harusini, na mara moja msibani, kwa sauti ya chini. Sasa mashine yako imetoa hukumu pasipo kuombwa: viti ni vya rangi ya maziwa, tena vina vimistari vya samawati. Bibi, ndoa ni nyumba, na kuna mabishano ambayo ndiyo nguzo zake. Ukiing'oa nguzo, hata kama ilikuwa chafu, paa linabaki limeshikwa na nini? Tangu Jumanne mke wangu hajasema neno lolote juu ya viti. Hunitazama tu, kisha huendelea kumenya viazi.

2. NDOO. Nimearifiwa kwamba mashine yako ina matangi mawili, moja la maji safi yaliyochemka na jingine la kupokea yanayofyonzwa. Nimearifiwa pia kwamba ulimwonyesha mke wangu kile kidirisha cha plastiki kwenye mdomo wa mashine, akayaona maji yakipanda meusi tii. Hilo ningelisamehe. Lakini ukalimwaga lile tangi kwenye ndoo nyeupe. Kwa nini nyeupe, Bibi? Ndoo za rangi nyingine zilikwisha? Ukamwacha apige picha, na picha ile sasa imo kwenye kundi la simu la ukoo mzima. Dada yangu mkubwa ameuliza ni supu ya nini. Shemeji yangu, ambaye kwenye zulia la gari lake mwenyewe mbegu ya nyanya iliota ikafikia majani manne, ameandika "Pole sana" na kuweka alama ya mikono iliyofumbatana. Daktari akimtoa mtu minyoo haiiti familia kuja kuitazama. Ile ndoo ilikuwa siri yangu na gari langu.

3. VIFAA VYA KUFUNDISHIA. Miaka minne iliyopita lita mbili za maziwa zilimwagika nyuma ya kiti cha dereva. Nilipangusa kwa gazeti. Harufu iliyobaki, ambayo watu wasio wa fani hii wameiita majina mabaya, ilikuwa mwalimu msaidizi. Mwanafunzi akiketi tu, alifungua dirisha bila kuambiwa. Akifungua dirisha, alisikia honi. Akisikia honi, alitazama kioo. Sasa wanaingia, wanafunga vioo, wanavuta pumzi ndefu na kusema, "Aa, pametulia hapa," utadhani wamekuja kupumzika.

Zaidi ya hilo, kwenye zulia la dereva palikuwa na doa la grisi lenye umbo la kiatu. Nilikuwa nasema, "Kisigino kwenye doa, vidole kwenye klachi." Basi. Maneno sita, na watu wamepata leseni. Wewe ulilifyonza vumbi kwanza, ukalipulizia sabuni, ukalisugua kwa brashi laini, ukalipitishia maji ya moto mara tatu, kisha ukalipitia mara ya nne bila maji ili zulia likauke. Nayaeleza haya ili ujue kwamba nimefanya uchunguzi na simwonei mtu. Nililala chini nikaligusa zulia kwa shavu, lile ambalo halikuvimba. Halina hata unyevu. Ni laini. Nililala pale kwa muda mrefu kuliko uchunguzi ulivyohitaji.

4. MWOKA MIKATE. Nina mwanafunzi, mama mmoja mwenye kiwanda kidogo cha mikate, aliyefeli mtihani wa barabarani mara tatu. Kila akifika makutano gari linamzimikia. Kwa mwaka mzima nimemwambia tatizo lake ni woga. Nimemfundisha kuhesabu mpaka tano, kulegeza mabega, kuimba kimoyomoyo. Jumatano alipanda gari uliloliosha, akaendesha kutoka kiwandani kwake mpaka mzunguko wa sokoni, akauzunguka, akarudi. Gari halikuzima hata mara moja. Nikamuuliza ujasiri ule kaupata wapi. Akatazama mikono yake, akanijibu kwa adabu sana:

"Mwalimu, usinielewe vibaya. Zamani nilikuwa nabana pumzi. Nikifika makutano, zinaniishia."

Ijumaa alifaulu. Aliniletea mkate ungali moto, nikampongeza, na nilifurahi, sitaki kusema uongo. Lakini fikiria nilipoachwa mimi, Bibi. Watu wataanza kunong'ona kwamba kosa muda wote lilikuwa la gari, au, Mungu aepushe mbali, la mwalimu.

5. BABA. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Kama uko kazini, naomba uizime mashine kwanza.

Baba yangu ana miaka themanini na mmoja, na tunaishi naye. Alikuwa fundi cherehani, wa zile suti ambazo mwenyewe akifa hugombewa na wanawe. Usikivu wake ulianza kumtoka polepole, akapewa hospitalini kifaa cha kuvaa sikioni, kidogo kama haragwe. Mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita kifaa hicho kilipotea. Tulipekua mifuko ya makoti, tukapindua magodoro, tukamshuku paka. Baba alisema huenda kilimdondoka njiani. Hakutaka tumtafutie kingine. Alisema dunia amekwisha kuisikia ya kutosha. Basi tukazoea kumpigia kelele mezani, na siku tusizokuwa na nguvu za kupiga kelele, tukazoea kunyamaza.

Kila Alhamisi asubuhi nampeleka hospitali kwa mazoezi ya goti. Ni dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi, kwa sababu ya foleni. Hukaa kushoto kwangu, viganja juu ya fimbo, macho mbele. Alhamisi za mwanzo baada ya kifaa kupotea nilinyamaza kama yeye. Kisha, sijui ilianzaje, nikaanza kusema.

Bibi, sisi si watu wa kuambiana mambo. Baba alinilea kwa futi kamba. Kila mwaka alijua urefu wa mkono wangu na upana wa mabega yangu, na hakuwahi kukosea hata nusu inchi, lakini sikumbuki kumweleza hata siku moja nililokuwa nalo kifuani, wala yeye kuniuliza. Na sasa nilikuwa na mtu kando yangu, anayenipenda, asiyesikia. Nani angekataa bahati hiyo?

Nilimwambia kwamba mimi mwenyewe nilifeli mtihani wa udereva mara mbili, jambo ambalo hata mke wangu halijui. Nilimwambia kwamba kila asubuhi, kabla ya mwanafunzi wa kwanza, mimi huijaribu breki yangu mara saba kwa woga. Nilimweleza habari ya cherehani yake, ile nyeusi, ambayo kwa miaka mitatu tumemwambia iko kwa fundi inasubiri kipuri. Haiko kwa fundi. Iliniponyoka ngazini siku tuliyohama, ikavunjika shingo, nami nikaifunga kwenye gunia nikaificha stoo nyuma ya mabati. Nilimwambia kwamba sikuwa na uso wa kumwambia. Nilimwambia na mengine, kuhusu siku atakayoniacha, ambayo hayahusiani na biashara ya kuosha magari.

Nilikuwa nikirudi nyumbani Alhamisi nikiwa mwepesi. Nilidhani ni hewa ya asubuhi.

Halafu wewe ukafungua boliti nne. Wenzako hupuliza marashi, wakatundika kikaratasi cha harufu kwenye kioo, wakasema tayari. Wewe ulikitoa kiti kizima cha kushoto ili maji ya moto yafike kwenye zulia la chini yake, na pale, kwenye reli ya kiti, ukakikuta kifaa cha baba kimejibanza. Hukukifyonza. Ulikipangusa, ukakitia kwenye kibati cha peremende, ukampa mke wangu mkononi. Mke wangu akatafuta betri.

Alhamisi niliondoka na baba bila habari yoyote. Mke wangu anadai aliniambia nami nikaitikia "Mmm," na safari hii pamba ilikuwa imekwisha kutoka, kwa hiyo sina cha kusingizia. Tulipovuka makutano ya kwanza nikaanza kama kawaida yangu. Nikamweleza baba jinsi mke wangu alivyonivunjia heshima kwa ndoo nyeupe. Nikamwambia mama mwoka mikate ana mtihani kesho, na kwamba naogopa kuliko yeye.

Baba, macho yake yakiwa mbele, akasema, "Mwambie avae viatu vyepesi. Vile anavyokuja navyo nyumbani vina soli nene, mguu hauisikii klachi."

Nilikanyaga breki. Mimi! Katikati ya barabara, bila kutazama kioo. Gari la nyuma likapiga honi ndefu.

"Na hiyo nimeisikia," akasema baba.

Ilinichukua muda kukumbuka gia ya kwanza iko wapi. Nikamuuliza anasikia tangu lini. Akasema tangu jana alasiri, mke wangu alipoweka betri. Niliendesha mpaka kwenye geti la hospitali. Wakati namshusha, mkono wake ukiwa begani kwangu, akaniuliza taratibu, kama mtu anayeulizia mvua, iwapo kile kipuri cha cherehani bado hakijafika.

Sikujua kama anauliza akijua au hajui. Nikasema bado.

"Vipuri," akasema baba, "huchelewa." Akaingia ndani na fimbo yake.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ina kelele. Baba anamsikia mtu akifungua jokofu na kumuuliza anatafuta nini. Anaijibu redio. Jana mezani alibishana na mke wangu juu ya namna ya kupika maharage yasipasuke, wakacheka mpaka baba akashika mbavu, na mimi nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeisahau sauti ya kicheko chake. Yote hayo ni mema. Lakini mimi je? Mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu, nilikuwa na mahali pamoja tu pa kusemea, na mahali hapo palikuwa pachafu, pananuka maziwa, na palikuwa pangu. Ulipoufyonza uchafu, Bibi, ulikifyonza na chumba changu. Mazoezi ya goti ni Alhamisi ijayo tena. Dakika arobaini. Nitasema nini?

KWA HIYO NAOMBA YAFUATAYO:

(a) Yale maji meusi yarudishwe, yote. Kama yamekwisha kumwagwa, nitapokea kiasi hicho hicho kutoka gari la mtu mwingine mwenye tabia njema.

(b) Apewe mke wangu maelezo ya maandishi, yenye mhuri, kwamba viti vilikuwa vya kahawia na vikachujuka kwa joto.

(c) Doa la kiatu lichorwe upya, saizi arobaini na mbili, kisigino kikielekea kiti.

(d) Kuhusu kifaa. Hapa nimeandika mara tatu na kufuta. Siwezi kuomba kipotee tena. Asubuhi hii nimemsikia baba akimwambia ndege wa dirishani kwamba amekwisha kumwelewa, anyamaze sasa. Basi, kwa kuwa wewe ndiye uliyelianzisha, naomba unishauri tu, dada yangu. Mtu aliyezoea kusema na asiyesikia, anaanzaje kusema na anayesikia?

Nisalimie wote hapo kazini: wale wa bomba la maji baridi, mama anayepokea funguo na asiyezichanganya, na wateja walioketi kwenye benchi wakisubiri, hasa wale ambao viti vyao havijulikani bado ni vya rangi gani. Waambie wafikirie vizuri. Na mashine yako nayo isalimie, kwa kuwa sina ugomvi nayo; hufyonza inakoelekezwa.

Ndimi, niliyesafishwa bila kushirikishwa,

Mwalimu Breki

Nyongeza baada ya sahihi:

Nilikwenda chumbani kutafuta bahasha. Niliporudi nilimkuta baba ameketi mezani, miwani puani, amefika ukurasa wa mwisho. Nilisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyegonga ukuta. Alimaliza, akazipanga karatasi zikalingana pembe, akasema nimekosea herufi mbili na jambo moja.

Jambo lenyewe ni hili. Kifaa kilimdondoka kweli. Lakini wiki ya tatu alikiona kinang'aa chini, karibu na reli, akakisukuma ndani zaidi kwa ncha ya fimbo. Sikio lake la kulia, lililo upande wangu nikiendesha, halikufa lote; mtu akiwa karibu, na gari likiwa limefungwa, hupata sehemu kubwa. Wiki hiyo ya tatu ndiyo nilipoanza kusema. "Ningekivaa," akaniambia, "ungenyamaza." Mengine alikosa kwa sababu ya honi, na wakati mwingine kwa sababu nilikuwa nimefungua dirisha kukimbia harufu. Sehemu ile ya siku atakayoniacha aliisikia yote. Aliniambia kuihusu maneno machache ambayo nitabaki nayo. Kuhusu cherehani, amesema shingo ya chuma huchomelewa, ni kazi ya siku moja, na kwamba amechoka kunisubiri nilitoe lile gunia.

Tumelitoa pamoja. Kisha, kwa kuwa hatukujua tukae wapi kuongea, tulikwenda kukaa garini, limeegeshwa hapo hapo uani, tukiwa na vikombe vya chai. Tulikaa mpaka mke wangu akaja kuuliza tunasafiri kwenda wapi. Baba alipotaka kumjibu alicheka, na kikombe kizima kikamwagikia kiti cha kushoto, ambacho, kwa kuwa sasa ninaandika ukweli mtupu, ni cha rangi ya maziwa.

Kwa hiyo naomba ufute malalamiko yote. Tutakuja Jumatatu saa tatu asubuhi, mimi na baba. Fungua boliti zote nne, pitisha maji ya moto mara nyingi uwezavyo, na tafadhali usiharakishe. Mke wangu anasema mashine yako inanguruma na pale kwenye benchi hapasikiki kitu. Baba amesema hakuna tabu, kifaa atakitia mfukoni, nami niketi upande wake wa kulia.